Nionyesheni mstari wenye kosa

Roketi ya Ariane 5 iliangamia tarehe 4 Juni 1996, chini ya sekunde 40 baada ya kuruka. Hasara ilikuwa kubwa mno, lakini bodi ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwezi uliofuata tu. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16, haikuenea, mfumo wa uongozaji ukazima. Kosa lilikuwa na anwani. Ungeweza kuliwekea kidole.

Fani nzima ya uhandisi wa programu imejengwa juu ya kidole hicho. Tunairudia hali iliyoleta hitilafu, tunaifuata hatua kwa hatua hadi kwenye mstari wa msimbo ulioileta, tunaurekebisha, kisha tunaandika jaribio ili kosa lisirudi. Habari za teknolojia mpya kutunyang'anya kazi nimezisikia hadi zimenichosha. Kinachoninyima raha ni kwamba teknolojia hizo zinatuondolea mahali pa kuweka kidole.

Chukua mifumo ya akili mnemba inayojifunza kutokana na data. Tabia yake imetawanyika ndani ya mamilioni, pengine mabilioni, ya namba ambazo hakuna binadamu aliyeziandika. Ikikosea, unafungua wapi? Machi 2018, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha huko Tempe, Arizona, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba vitambuzi vilimwona sekunde 5.6 kabla. Mfumo ukawa unageuza kauli: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ulipogeuza ulianza upya kukisia anakoelekea. Haukuwa umeandaliwa kumfikiria mtembea kwa miguu anayevuka pasipo na kivuko. Ripoti iliwagusa pia msimamizi aliyekuwa kwenye usukani na utamaduni wa usalama wa kampuni, na ilikuwa haki. Lakini hata ukirekebisha yote hayo, hali nyingine ngapi hazikumjia mtu akilini? Mfumo hauwezi kukuchapishia orodha ya yale usiyoyajua. Ukiufunza upya uache kosa moja, unaweza kuharibu kilichokuwa kikifanya kazi jana, na majaribio yako ya zamani hayatakuambia kwa nini.

Kompyuta za kwanta, zinazohesabu kwa kutumia sheria za fizikia za chembe ndogo mno, zina ukaidi wa aina yake. Silaha ya kwanza ya kila mwanaprogramu ni kusimamisha programu katikati na kuchungulia kilichomo. Huku haifui dafu: ukiipima kyubiti, yaani biti ya kompyuta hizo, umekwisha kuivuruga, na sheria za fizikia zinakataza kunakili hali usiyoijua ili uchungulie nakala. Kuiiga kwenye kompyuta ya kawaida nako kuna mwisho wake, kwa sababu kueleza kikamilifu hali moja tu ya kyubiti 50 kunaweza kuhitaji namba zaidi ya trilioni 1,000. Basi unaiendesha programu maelfu ya mara, unatazama mgawanyo wa majibu, halafu unabaki kujiuliza kama iliyokwenda kombo ni hesabu yako au ni kelele za mashine, yaani makosa ya vifaa vyenyewe.

Ila kazi ya kwanta iliyo mezani leo haina mvuto hata kidogo. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kwamba mashine ya namna hiyo, ikiwa kubwa vya kutosha, itaweza kuvunja usimbaji wa RSA, njia inayotumika sana kulinda mawasiliano na saini za kidijitali. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa viwango vitatu vya kwanza vya kuhimili tishio hilo. Hesabu zipo, basi. Kilichobaki ni kuisaka RSA ilikojificha: kwenye maktaba zilizoingizwa na maktaba nyingine, kwenye vifaa visivyosasishika, kwenye saini za nyaraka zinazotakiwa kudumu miaka mingi. Na anayenasa mawasiliano leo anaweza kuyaweka akiba hadi mashine ipatikane. Ni kazi ya kufukua msimbo wa zamani, na wakubwa hawaipendi kwa kuwa ikifanikiwa hakuna kinachoonekana.

Halafu kuna msimbo unaoandikwa na akili mnemba yenyewe. Huu una mistari, tena tele, ila hakuna wa kumuuliza alikusudia nini. Ukiiagiza mashine hiyohiyo iandike na majaribio, mara nyingi itathibitisha kwamba msimbo unafanya kile unachofanya. Naona timu zinaupokea kama mnunuzi wa mbuzi kwenye gunia aliyeridhika kwa kuwa gunia limeshonwa vizuri.

Matumaini yangu yako kwingine. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walitangaza uthibitisho wa kihisabati kwamba msimbo wa seL4 unafanya kile ulichoandikiwa kufanya; seL4 ni kiini cha mfumo endeshi chenye mistari takriban 8,700 ya lugha ya C. Ilikuwa kazi ya miaka kwa mistari michache, ndiyo maana wengi waliisifu kisha wakaendelea na yao. Sasa mashine zinazoandika kwa kasi zinaweza kuandika hata uthibitisho, na kikaguzi cha uthibitisho, yaani programu inayoupitia hatua kwa hatua, hakijali nani kauandika: hatua ikipungua, kinakataa. Huko ndiko ningependa nguvu hii ielekezwe, kabla hatujaongeza kisanduku kingine cha kupiga soga. Bado mtu atalazimika kuandika, kwa lugha isiyo na utata, programu inatakiwa kufanya nini, na hiyo ndiyo sehemu ambayo karibu kila timu niliyofanya nayo kazi imeikwepa kwa kisingizio cha haraka.