Kamera ya ulinzi: picha inalala wapi?

Siku hizi mtu wa Mwanza akisema anataka kufunga kamera nyumbani au kwenye fremu yake ya biashara, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuachana na mambo ya waya: chukua ya Wi-Fi au ya laini, pachika mwenyewe, utaona kila kitu kwenye simu. Ule mfumo wa waya unaoishia kwenye DVR, yaani kisanduku cha kurekodi chenye diski ndani, umebaki kusemwa kama kitu cha mabenki, au cha kizamani. Naona umehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Kamera isiyo na waya ina haki zake. Mpangaji hawezi kutoboa kuta za mwenye nyumba. Fundi hahitajiki, na simu inakupa taarifa pale pale mtu anapopita getini. Halafu kuna radi, jambo ambalo sisi wa ukanda huu hatuna ruhusa ya kulipuuza, maana bonde la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Waya mrefu wa shaba unaopita nje ni njia ya radi kuingia ndani, na ikiingia inaweza kuunguza DVR pamoja na kamera zote. Mfumo wa waya usio na erthi nzuri na vizuia radi ni hasara inayosubiri masika.

Lakini swali ambalo muuzaji haulizi ni hili: ukiibiwa, utajua lini? Mlango ukivunjwa utajua asubuhi. Wizi unaoumiza wafanyabiashara wengi hauvunji mlango. Mwenye stoo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anagundua magunia hayatimii siku ya kuhesabu mzigo. Mwenye nyumba Nyegezi anayefanya kazi mgodini Geita anakuta pampu ya maji haipo anaporudi baada ya wiki mbili. Hawa hawana haja na taarifa ya simu, wanahitaji picha ya siku kumi na mbili zilizopita.

Hapo hesabu inaanza kusema. Kamera moja ya megapikseli 2 ikirekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde inatoa takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Memori kadi ya gigabaiti 64 ndani ya kamera ya Wi-Fi haimalizi siku ya tatu. Baada ya hapo picha mpya zinafuta za zamani. Kamera nne kwenye DVR yenye diski moja ya terabaiti 2 zinakupa kama siku 23. Mfinyazo wa H.265, namna mpya ya kubana video, unaweza kupunguza mzigo huo kwa karibu nusu ukilinganisha na ule wa zamani wa H.264, ila unapunguza kwa wote, kwa hiyo pengo linabaki pale pale. Na ukitaka kupeleka kila kitu intaneti, kamera moja inadai takriban gigabaiti 650 kwa mwezi. Bando gani la nyumbani litabeba hiyo, mara nne?

Ndiyo maana kamera nyingi za Wi-Fi huwekwa zirekodi pale tu zinapoona kitu kinatikisika, na zile za betri na sola hulala kabisa mpaka zishtuliwe, zikiamka sekunde za kwanza zimeshapita. Kwingine huo ni mpango mzuri. Kwetu kuna wadudu wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kufuata taa usiku. Mtu wa Capri Point au Bwiru aliyefunga kamera yenye taa nyeupe anajua shida yake: simu inalia usiku kucha, kadi inajaa wadudu, betri inaisha. Ongeza utando wa buibui mbele ya lenzi. DVR inayorekodi mfululizo haijali. Picha itakuwa na wadudu, lakini mwizi naye atakuwemo.

Tena ile kadi imo ndani ya kamera yenyewe. Mwizi akiing'oa kamera ameondoka na ushahidi. Akikata waya, yaliyorekodiwa mpaka dakika hiyo yapo, mradi DVR umeifungia mahali pa siri. Wengi huiacha sebuleni karibu na televisheni, nayo hubebwa pamoja na televisheni. Darini chini ya bati nako joto litaua diski. Kabati lenye kufuli na matundu ya hewa linatosha.

Umeme ukikatika, DVR ndogo na kamera zake nne zikila wati 40 hivi, betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 itazivusha usiku mzima bila kuishusha chini ya nusu. Kamera ya Wi-Fi inahitaji umeme kwake na kwenye ruta pia, na mawimbi yake yanadhoofika yakikutana na miamba na kuta za mawe za Igogo au Mabatini.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe kwa mfumo wowote ule. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa nywila hizo hizo. Na lenzi isielekee uani kwa jirani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa saiti ya ujenzi ya Kisesa isiyo na umeme wala paa, ningefunga kamera ya sola na laini leo hii, bila kubishana na mtu. Ila kabla mafundi hawajapiga plasta, ningewaambia wapitishe mabomba ya waya ukutani mpaka kila kona ya nyumba.