Haya, nimekutuma nini?

Mwaka jana, msimu wa mvua, baba yangu aliugua malaria. Hapa Kigoma hilo halimshangazi mtu. Nikampeleka zahanati, akapimwa, akaandikiwa dawa mseto. Pale pale dirishani akameza vidonge vinne vya kwanza. Ilikuwa saa sita mchana. Mhudumu akamwambia, "Mzee, vingine vinne baada ya saa nane." Baba akajibu, "Sawa, mwanangu." Mimi nilikuwa nje natafuta bodaboda ya kuturudisha Ujiji.

Saa nane na robo Baba akaomba maji, akameza vinne vingine. Saa nane si ilikuwa imeshapita?

Aliambiwa asubiri kwa muda wa saa nane, yaani hadi saa mbili usiku. Yeye akasikia saa nane ya mchana. Maneno ni yale yale, na Kiswahili kinaruhusu maana zote mbili. Jioni alitapika, kizunguzungu kikamshika, tukarudi zahanati mbio. Alipona, namshukuru Mungu. Ila tangu siku hiyo nikisikia neno "sawa" moyo wangu hautulii.

Mhudumu alisema kweli. Dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu, na dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Baba naye si mtu wa kutoelewa mambo. Ameuza samaki maisha yake yote na hesabu zake hazijawahi kupotea. Kilichokosekana ni mtu mmoja kati yao kujua mwenzake amebeba nini kichwani. "Sawa" haikusema hilo. Ilisema tu kwamba mazungumzo yameisha kwa adabu.

Walimu wetu walitukataza kusema "masaa". Saa ni saa, iwe moja au mia. Kwenye insha nakubaliana nao. Kwenye dirisha la dawa nataka mhudumu aseme "masaa nane" bila kuona haya, au bora zaidi aseme, "Mzee, umeze taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza."

Tulipokuwa watoto tulilindwa dhidi ya jambo hili. Mama hakunituma dukani hata siku moja bila kuniuliza, "Haya, nimekutuma nini?" Nasimama mlangoni, hela nimeifumbata, nataja: chumvi, mawese nusu lita, kiberiti, na chenji nisiipoteze. Nikikosea kimoja ananirudisha mwanzo. Nikijibu "sawa" tu, siondoki.

Halafu tukakua, na swali lile likageuka tusi. Nani atamuuliza mzee wa miaka sabini, "Haya, nimekuambia nini?" Na mzee naye, foleni ndefu nyuma yake, mhudumu amechoka, anaona akiuliza tena atasumbua watu au ataonekana mshamba. Basi anasema sawa. Tunasema sawa kwa daktari, kwa bosi, kwa fundi, kwa baba mkwe. Mara nyingi ni heshima tu, uelewa haumo.

Kazini kwangu neno hilo limenigharimu pia. Nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi na kuwatuma Tabora. Pale mwaloni kuna Waha, Wabembe, Wamanyema, ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi, sote tunaelewana kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikipata kwa njia yake. Mrundi kwao ana neno moja, "ejo", la jana na la kesho. Kitenzi ndicho kinachotenganisha. Huyo akikwambia kwa Kiswahili cha haraka lini mzigo unakuja, muulize mara mbili. Lakini aliyenipoteza hakuwa Mrundi. Alikuwa kijana wangu mwenyewe, Mswahili mwenzangu. Nilimwambia gari linapakia "usiku wa Alhamisi". Kwa jinsi alivyolelewa, usiku wa Alhamisi ni ule wa kuamkia Alhamisi. Mimi nilimaanisha wa kuamkia Ijumaa. Akatoa magunia manne usiku wa Jumatano, gari halikuja, mvua ikaja. Dagaa waliokauka vizuri juani siku nzima wakalowa na kuanza kunuka. Na alikuwa amesema sawa.

Mwaka 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana ardhini huko Tenerife, Hispania, kwenye ukungu, wakafa watu 583. Sababu zilikuwa kadhaa, na mojawapo ni kwamba rubani alisema maneno yasiyoeleweka vizuri, mnara wa kuongozea ndege ukamjibu "OK", kila upande ukibaki na maana yake. Baada ya hapo kanuni za mazungumzo ya redioni zilikazwa: rubani akipewa ruhusa ya kuruka hajibu sawa, anairudia ruhusa yenyewe kama alivyoisikia. Ni swali lile lile la Mama pale mlangoni.

Kwa watu wazima nimepata njia ambayo haimvunjii mtu heshima. Nasema, "Hebu nirudishie, nisije nikawa nimekosea kusema mimi." Kosa naliweka mdomoni mwangu, siyo sikioni mwake. Hakuna aliyewahi kuchukia. Na ninapotumwa mimi, siongoji kuulizwa.

Mwezi uliopita nilimpeleka Baba kuchukua dawa za presha. Safari hii nilisimama naye. Binti wa dirishani alipomaliza kueleza, Baba hakuondoka. "Mjukuu wangu, ngoja nikurudishie nilivyosikia." Foleni ikaguna. Akataja kidonge cheupe, asubuhi, kimoja. Akataja cha pili, akakosea. Binti akamsahihisha taratibu, kisha akachukua kalamu akaandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa: SAA MBILI USIKU.