Jouli 24 Zilizopotea Njia

Somo la migongano karibu kila mara huanza na mipira ya biliadi. Mmoja unakuja, unaugonga mwenzake, unasimama papo hapo, na wa pili unaondoka na mwendo wote. Inapendeza kutazama, lakini naona tunaanzia pabaya. Mgongano ambao nishati mwendo inabaki kamili utaupata kwa atomi na chembe ndogo zaidi. Kwa vitu tunavyovishika mikononi, kimoja kikigonga kingine kitatoa mlio, kitabonyea kidogo au kitapata joto. Hata ule mlio wa biliadi, "ko!", ni nishati inayotoroka. Ningeachiwa mimi kupanga somo, ningeanza na vitu viwili vinavyogongana vikashikamana.

Chukua toroli la kilo 2 linalokwenda mita 6 kwa sekunde. Mbele yake limesimama jingine la kilo 4. Yanagongana, yananasana, yanaendelea pamoja. Momenta, yaani tungamo mara mwendokasi bila kusahau uelekeo, ilikuwa 12 kabla ya mgongano na lazima iwe 12 baada yake. Sasa zinakwenda kilo 6, kwa hiyo mwendo ni mita 2 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nishati mwendo (nusu ya tungamo mara mwendokasi uliozidishwa kwa wenyewe), unapata jouli (kipimo cha nishati) 36 kabla na jouli 12 baada. Jouli 24 hazipo tena.

Mwanafunzi anauliza: mbona momenta imebaki na nishati imeondoka? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba mgongano huu si nyumbufu, yaani si ule ambao nishati mwendo inabaki kamili. Hapo amerudishiwa swali lake likiwa limevalishwa jina.

Jibu lenyewe si gumu. Wakati matoroli yamegusana, la kwanza linalisukuma la pili, na la pili linalisukuma la kwanza kwa kani ileile, kwa muda uleule, upande wa kinyume. Momenta anayoipata mmoja ndiyo anayoitoa mwenzake, hata katikati kukiwa na gundi, tope au sumaku. Halafu momenta ina upande. Atomi za chuma kilichogongwa zinatetemeka huku na huku, na momenta zao zinafutana zote. Nishati haijui kulia wala kushoto. Atomi ikitetemeka upande wowote, inahesabiwa. Ndiyo maana nishati ina mahali pa kujificha ndani ya kitu, na momenta haina.

Tunasema nishati "imepotea", na wapo walimu wanaolikataa neno hilo kwa sababu nishati haiangamii. Mimi nalitetea. Mtoto aliyepotea hajafa. Yuko mahali, ila hajui njia ya kurudi. Jouli zetu 24 zimo ndani ya matoroli yenyewe, kwenye chuma kilichopata joto, na kidogo kwenye hewa iliyotikiswa na mlio. Kila atomi imebeba kijisehemu chake, na hakuna wa kuziita zote zigeuke zisukume upande mmoja.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hesabu ilijua kiasi cha joto kabla ya kuuliza lolote kuhusu vifaa. Weka gundi, ndoano au udongo wa mfinyanzi: maadamu matoroli yameshikamana, zinazopotea ni 24, haipungui hata moja. Sehemu inayopotea ni tungamo la lililosimama ligawanywe kwa tungamo lote, 4 kwa 6, yaani theluthi mbili. Ongeza mwendo upendavyo, itabaki theluthi mbili.

Sasa mweke mtu anayekwenda sambamba na reli kwa mita 2 kwa sekunde. Machoni pake toroli dogo linakuja kwa mita 4 kwa sekunde, na kubwa linamjia kutoka upande wa pili kwa mita 2. Nishati anayoiona ni jouli 16 na jouli 8, jumla 24. Baada ya mgongano yote mawili yamesimama tuli mbele yake. Kwake yeye nishati mwendo yote imekwisha. Kwetu zimebaki jouli 12. Lakini kiasi kilichopotea ni kilekile, na isingewezekana iwe vinginevyo, kwa sababu joto la chuma halibadiliki kwa kutegemea nani anatazama. Zile 12 zilibaki upande wetu kwa kuwa momenta haikuyaruhusu matoroli yasimame.

Suala la upande ndilo lililomponza Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa. Mwaka 1644 aliandika kanuni za migongano akihesabu ukubwa na kasi bila uelekeo. Kwa kanuni yake mojawapo, kitu kidogo hakiwezi kamwe kukisogeza kikubwa kilichosimama: toroli letu la kilo 2 lingerudi nyuma kwa mita 6 kwa sekunde, na la kilo 4 lisingetikisika. Kwa hesabu yake 12 imebaki 12. Weka alama ya uelekeo uone: 12 imegeuka kuwa hasi 12. Mwaka 1668 Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, iliwataka wataalamu waeleze jambo hili upya. Christopher Wren na Christiaan Huygens walishughulikia vitu vinavyodunda, mwanahisabati John Wallis akashughulikia visivyodunda. Namwona Wallis hasifiwi inavyostahili.

Barabarani nako kuna kosa linalorudiwa kila siku, kwamba magari mawili yanayofanana yakigongana uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, ni sawa na kugonga ukuta ukiwa kwenye 160. Si kweli. Kila gari linatoka 80 hadi sifuri, kama vile limegonga ukuta usiosogea kwa 80. Yakitofautiana uzito ndipo mambo yanapoharibika. Basi la tani 12 na gari dogo la tani 1, kila moja kwenye kilomita 72 kwa saa, yakigongana na kunasana, basi linaendelea kwa karibu 61. Limepungukiwa na 11 tu. Gari dogo limetoka 72 upande huu hadi 61 upande ule, badiliko la 133. Momenta waliyobadilishana ni sawasawa. Miili ya abiria ndiyo haikupata sawasawa.

Tarehe 26 Septemba 2022 NASA iligongesha chombo cha DART, chenye zaidi ya kilo 500, kwenye mwamba wa angani uitwao Dimorphos kwa kasi ya kama kilomita 6 kwa sekunde. Mwamba huo ulikuwa ukimzunguka mwenzake mkubwa, Didymos, kwa saa 11 na dakika 55. Ukapunguza dakika 33 hivi. Kama chombo kingenasa tu, mwamba ungepokea momenta ya chombo na basi. Lakini mawe na vumbi vilirushwa kuelekea kilikotoka chombo, na kila jiwe lililoruka nyuma liliusukuma mwamba mbele zaidi. Inakadiriwa ulipata takribani mara tatu na nusu ya momenta iliyoletwa. Ujumlishe na vumbi lote lililoruka upande wa pili, na utarudi kwenye ile ya chombo peke yake.