Itangulie Kufutwa Mitandao Isiyo na Nywila

Orodha ya mitandao ya Wi-Fi iliyohifadhiwa kwenye simu ni sehemu ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajawahi kuifungua, ingawa wanaijaza karibu kila wiki. Mtu akinywa kahawa Masaki, akihudhuria semina katika hoteli fulani pale Posta, akilala kwa shemeji yake Tabata au akisubiri majibu ya vipimo hospitalini, simu yake huchukua jina la mtandao wa mahali hapo pamoja na nywila, ikaviweka, na havitoki humo mpaka mwenyewe avitoe. Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo inapaswa kusafishwa, lakini kwa mpangilio: mitandao isiyo na nywila itangulie kutoka, zifuate nywila za watu wengine, na iliyobaki inaweza kusubiri. Nasema hivyo kwa sababu ule ushauri unaozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba ukifuta Wi-Fi zote simu itakuwa nyepesi, umekosea ugonjwa na umekosea dawa pia.

Hilo la wepesi halihitaji maneno mengi. Jina la mtandao wa Wi-Fi haliwezi kuzidi baiti 32, na nywila ya kawaida ya WPA2, yaani ulinzi unaotumiwa na ruta nyingi, huwa na herufi kati ya 8 na 63, kwa hiyo hata mwenye mitandao mia moja kwenye simu yake amehifadhi maandishi yasiyofikia ukubwa wa picha moja ya harusi. Simu nzito ina sababu zake nyingine, na mara nyingi sababu hizo ni video zinazotoka kwenye makundi hayohayo yanayotoa ushauri.

Tatizo lenyewe liko kwenye namna simu inavyoutambua mtandao. Simu haiangalii iko mahali gani. Inaangalia jina la mtandao na aina ya ulinzi wake, na vikilingana na vilivyomo kwenye orodha, inajiunga bila kumuuliza mtu. Utaratibu huu haukuwekwa kwa uzembe. Katika jengo refu la Barabara ya Samora, ofisi moja inaweza kuwa na vifaa vingi vya kurushia mawimbi, vyote vikiwa na jina moja, ili mfanyakazi anayetoka mapokezi kwenda chumba cha mikutano asikatikiwe wala asiulizwe nywila upya. Kama simu ingekishuku kila kifaa kipya chenye jina inalolijua, huduma hiyo isingewezekana. Penye nywila nzuri kuna kizuizi, kwa kuwa simu na ruta huthibitishiana kwamba kila upande unaijua nywila ile, bila kuitaja hewani, na anayeweka mtandao wa bandia bila kuijua hukwama hapo. Pasipo na nywila hakuna cha kuthibitisha. Mtu yeyote anaweza kuipa hotspoti yake jina lilelile la mgahawa, akaiacha wazi, na simu za waliowahi kuutumia mtandao wa mgahawa ule, zinapopita karibu, zikajiunga zenyewe zikiwa ndani ya mikoba. Nywila iliyobandikwa ukutani juu ya kaunta iko katikati ya hali hizo mbili: ipo, lakini anayetaka kuigiza mtandao ule anaisoma kama mteja mwingine yeyote.

Mambo haya yamekwisha kufika mahakamani kwingine. Mwaka 2024 Polisi wa Shirikisho wa Australia walimfungulia mashtaka mwanamume waliyemtuhumu kuweka mitandao ya bandia, yenye majina yanayofanana na ya mitandao halali, katika viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide, na hata ndani ya ndege zikiwa angani. Waliojiunga walipelekwa kwenye ukurasa uliowataka waingie kwa barua pepe au kwa akaunti zao za mitandao ya kijamii, na taarifa walizoandika zikahifadhiwa kwenye vifaa vya mtuhumiwa. Vifaa vilivyohitajika vilikuwa vidogo vya kubebeka, kompyuta mpakato na simu vikiwemo, na hakuna chochote katika mbinu hiyo kinachoizuia kufanya kazi Dar es Salaam.

Hata hivyo, sipendi kuwatia watu hofu kupita kiasi, kwa sababu hofu iliyozidi humfanya mtu azime Wi-Fi kwa siku moja kisha arudie yaleyale. Leo programu za benki na tovuti nyingi husimba mawasiliano yake, yaani huyageuza yasisomeke na mtu wa pembeni, kwa hiyo tapeli aliyekaa katikati haioni namba ya siri ikipita. Menyu za pesa za simu, kwa mfano *150*00# au *150*60#, hazipiti kwenye Wi-Fi kabisa. Zinapita kwenye mtandao wa laini yenyewe. Anayesema kwamba ukijiunga na Wi-Fi ya bure utakuta pesa zako za simu zimehamishwa anarahisisha mambo. Kinachobaki mikononi mwa tapeli ni ule ukurasa wa kuingilia, na ukurasa huo hauhitaji kuvunja usimbaji wowote, kwa sababu mhusika anaandika taarifa zake kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoiona hatari yetu ya hapa nyumbani. Tumejifunza kuucheka ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", hata bibi zetu wanaufuta bila kuuliza, kwa sababu unatoka kwenye namba ngeni na hakuna pesa yoyote iliyokuwa inasubiriwa. Ukurasa wa mtandao bandia hauna ugeni huo. Unakuja na jina la hoteli ambayo mtu amewahi kufika, kwenye simu ambayo imeshaonyesha alama ya Wi-Fi juu ya kioo, kana kwamba simu yenyewe imemdhamini. Mwenye simu hakuombwa kuamini kitu kipya. Imani ile aliitoa siku ya semina, akaisahau, na simu ikaendelea kuitumia kwa niaba yake.

Hivi karibuni mama yangu mdogo anayeishi Kimara alinipa simu yake nimtazamie kwa nini intaneti inakatakata. Nilipoifungua orodha, nilikuta majina ya ruta yaliyoachwa kama yalivyotoka kiwandani, yenye tarakimu nyingi mwishoni. Ukumbi wa harusi wa Sinza. Nyumba ya wageni ya Morogoro. Mtandao ulioitwa "Guest" tu. Na mmoja ulioitwa AndroidAP, ambao haukuwa na alama ya kufuli.

"Mama mdogo, huu wa AndroidAP ni wa nani?"

"Sijui, baba. Labda wa yule dereva aliyetupeleka Bagamoyo. Uache, utatusaidia siku tukipanda naye tena."

AndroidAP ni jina ambalo simu nyingi za Android zilikuwa zikiipa hotspoti kwa miaka mingi mwenye simu asipolibadilisha. Mtandao wa dereva wa Bagamoyo, kwa macho ya simu ya mama mdogo, hauna tofauti na hotspoti ya abiria yeyote wa mwendokasi aliyeiacha wazi kwa jina hilohilo. Huo ndio niliouondoa wa kwanza, ukafuata "Guest". Ukumbi wa harusi ulikuwa na nywila, nao ungeweza kubaki bila madhara makubwa, lakini yeye mwenyewe alisema hana binti mwingine wa kuozesha, tukauondoa.

Kuhusu kukatakata, sababu ilikuwa ya kawaida sana katika jiji hili. Kijana wa nyumba ya jirani aliwahi kumpa nywila ya ruta yao, na ruta hiyo hutumia kifurushi cha kulipia. Kifurushi kikiisha, ruta haizimiki. Inaendelea kurusha mawimbi yasiyo na intaneti ndani yake, na simu inayapenda kwa kuwa inayajua. Simu za sasa hujaribu kugundua hali hiyo na kurudi kwenye bando la laini, lakini huchelewa, na pale mawimbi yanapokuwa hafifu, kama kwenye kona ya baraza, simu hung'ang'ania mtandao usiofaa huku mwenyewe akidhani tatizo liko kwa kampuni ya simu. Ndivyo ilivyo pia kwa anayesimama nje ya geti la ofisi akijaribu kuita bajaji kwenye programu, wakati simu yake bado imeshikilia Wi-Fi ya ghorofa ya tatu. Wengi wamewahi kuilaumu laini yao bure kwa jambo hili.

Kundi la pili ni nywila za watu. Nywila ya nyumba ya mtu ni amana, na nadhani hatuichukulii hivyo kwa sababu tunaitoa kirahisi, pamoja na soda ya mgeni. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu inaweza kuugawa mtandao uliohifadhiwa kwa msimbo wa QR, na chini ya msimbo huo simu nyingi huonyesha nywila yenyewe kwa herufi. iPhone nazo, kuanzia iOS 16 ya mwaka 2022, huionyesha nywila baada ya mwenye simu kuthibitisha kwa uso, kidole au namba yake ya kufungulia. Maana yake ni kwamba yeyote anayejua namba ya kufungulia simu yako, kwa mfano fundi wa Kariakoo uliyempa ili aijaribu baada ya kubadilisha kioo, anaweza kuisoma nywila ya shemeji wa Tabata, ya ofisi na ya kanisa au msikiti. Sisemi mafundi wanafanya hivyo. Nasema shemeji hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazibana taasisi zinazokusanya taarifa zetu. Haiwezi kutuingilia mifukoni kutufutia nywila za ndugu. Kwa anayeuza simu yake, kufuta mtandao mmojammoja hakutoshi: airudishe katika hali ya kiwandani, na orodha yote itaondoka na mengine.

Kufuta kwenyewe si kazi ngumu. Kwenye simu nyingi za Android, mtu hufungua Mipangilio, akaingia sehemu ya mtandao na intaneti, kisha Wi-Fi, akashuka hadi kwenye mitandao iliyohifadhiwa, akagusa jina na kuchagua Sahau. Kwenye Samsung orodha hiyo imefichwa nyuma ya vile vitone vitatu vya juu, ndani ya mipangilio ya ziada. Kwenye iPhone, tangu iOS 16, kitufe cha kuhariri kilicho juu kwenye ukurasa wa Wi-Fi hufungua orodha nzima. Kabla ya hapo mwenye iPhone alilazimika kuwa karibu na mtandao wenyewe ili aufute, yaani arudi Morogoro, au aweke upya mipangilio yote ya mtandao. Hiyo njia ya kuweka upya bado ipo kwenye simu zote, na mimi simshauri mtu aanzie hapo, kwani huondoa pia nywila ya nyumbani kwake, na kwenye simu nyingi hata vifaa vya Bluetooth vilivyounganishwa, na jioni nzima huisha akitafuta karatasi ilikoandikwa.

Kwa mtandao unaotumiwa mara mojamoja, kama wa hoteli ya mikutano, ipo njia ya kati ambayo watu hawaitumii: kuuacha kwenye orodha lakini kuzima kujiunga kiotomatiki. Simu itaijua nywila, ila itangoja iguswe.

Mitandao iliyofichwa nayo ina kasoro yake. Wapo wanaolificha jina la mtandao wa nyumbani wakiamini kwamba ndio ulinzi. Ruta ikishaacha kutangaza jina lake, simu ndiyo inayolazimika kuuita mtandao huo kwa jina ili kujua kama uko karibu, na huita popote ilipo, nyumbani Kimara au kwenye foleni ya kivuko Magogoni. Aliyekusudia kujificha ameipa simu yake kazi ya kumtangaza. Jina lionekane, nywila iwe ndefu.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, siielekezi kwa mama mdogo wala kwa dereva wa Bagamoyo. Kuanzia Android 11 ya mwaka 2020, simu huweza kuziondolea ruhusa programu ambazo hazijafunguliwa kwa miezi kadhaa, kwa hoja kwamba aliyeacha kuitumia programu hana sababu ya kuiachia kamera na mahali alipo. Hoja hiyo ni sahihi, na inaufaa mtandao usio na nywila kuliko hata programu. Haielezeki kwa nini mfumo uleule unaoinyima ruhusa programu iliyolala uendelee kuiamini Wi-Fi ya semina ya miaka mitano iliyopita bila swali lolote. Watengenezaji wangeweza kuweka kawaida kwamba simu iache kujiunga yenyewe na mtandao wa wazi ambao haujatumika kwa nusu mwaka, na ruhusa iombwe upya, asiyetaka angebadilisha.

Kwa wanaojiandaa kununua simu mpya, usafi huu unapaswa kufanyika kwenye simu ya zamani, kabla ya kuhamisha chochote. Nakala zinazohifadhiwa kwenye akaunti ya Google hubeba mitandao ya Wi-Fi pamoja na nywila zake, na akaunti ya Apple hufanya vivyo hivyo kwa anayetumia huduma ya kuhifadhi nywila ya iCloud, hata kompyuta yake ikapokea mitandao ambayo haijawahi kuikaribia. Asiyefuta kwanza ataitoa simu kwenye boksi dukani Kariakoo, aingie kwenye akaunti yake, na kabla hajafika Mnazi Mmoja itakuwa na Wi-Fi zote za ile ya zamani.