Orodha hizi hazikuandikwa kwa pasipoti yetu

Kila mwaka ukielekea ukingoni, mitandao hujaa orodha zilezile: miji kumi inayowapokea vizuri mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia. Sitges na Maspalomas huko Hispania, Malta, Amsterdam, Mykonos, Bangkok. Miji yenyewe sina ugomvi nayo. Malta iliongoza jedwali la haki la ILGA-Europe, muungano wa mashirika ya watu wetu barani Ulaya, mfululizo kuanzia 2016 hadi 2025, Hispania inafungisha ndoa za jinsia moja tangu 2005, na Thailand ilianza tarehe 23 Januari 2025. Ninachogombana nacho ni pasipoti ya anayeandika. Kwake safari huanzia uwanja wa ndege. Yetu huanzia ubalozini, na taarifa za benki za miezi kadhaa na barua ya mwajiri mkononi, halafu dirishani unaulizwa: unasafiri na nani, na ni nani wako? Msichana wa Kisumu anayesafiri na mpenzi wake atasema "binamu yangu", na kuanzia siku hiyo uongo huo umo kwenye faili la serikali ya watu. Bei nazo tusizitaje.

Bangkok angalau haina dharau hiyo nyingi, lakini tiketi ya bei nafuu kutoka Nairobi au Dar mara nyingi hupitia Dubai au Doha, na huko sheria haina mzaha na watu wetu. Kwa aliyebadili jinsia, ambaye sura yake na picha ya pasipoti haziendani tena, kulala uwanjani Dubai akisubiri ndege ya pili si mapumziko.

Kwa hiyo marafiki wakiniuliza, na huniuliza kwa sababu kwenye kundi letu mimi ndiye wa kupanga safari, jibu langu ni Afrika Kusini, na hasa Cape Town. Mkenya haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90 kwa mwaka tangu Januari 2023, na Mtanzania naye huingia bila viza. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni saa nne hivi angani, Cape Town ni mbili zaidi. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 9, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi, na hakuna nchi nyingine duniani iliyotangulia kuandika hivyo kwenye katiba. Ndoa zilifuata tarehe 30 Novemba 2006.

Kipimo changu cha ukarimu ni kitanda. Wanaume wawili wakifika mapokezini na nafasi waliyolipia ni ya kitanda kimoja kikubwa, mhudumu anafanya nini? Kwetu pwani nimeona yote: anayeomba radhi kwamba "kompyuta imekosea" na kuwapa vitanda viwili bila kuombwa, anayekwenda kumwita meneja, anayeomba vitambulisho mara ya pili na kuvikodolea macho. Cape Town, pale tulipofikia, dada wa mapokezi alinyanyua macho mara moja tu, kutuambia kifungua kinywa kinaisha saa nne. Nilisimama pale kama mjinga nikingoja swali ambalo halikuja.

Wengine watasema huyo ni mtu mmoja mwenye adabu, na adabu ipo kila mahali. Sawa. Ila nyuma ya dada yule kuna kitu ambacho Diani au Nungwi hakipo: akikunyima chumba, unaweza kumshtaki. Sheria yao ya usawa ya mwaka 2000 iliunda Mahakama za Usawa, ambako mlalamikaji halipi ada ya kufungua shauri wala halazimiki kuwa na wakili. Nikisikia hoteli inajisifu kwamba inapokea watu wote, huwa nataka kujua hilo kwanza. Nikikosewa, nitalalamika wapi? Bendera ya upinde wa mvua mlangoni inauzwa bei ya soda mbili.

Mtaa wenyewe wa starehe unaitwa De Waterkant, uko mteremkoni chini ya Signal Hill: vichochoro vya mawe, nyumba ndogo za rangi, baa na mikahawa hadi Somerset Road na Green Point. Ufuo wa watu wetu ni wa tatu kati ya fuo nne za Clifton, uliofichwa na majabali, wenye maji ya Atlantiki yanayokatisha pumzi. Kinachonivuta mimi mtu wa pwani, hata hivyo, ni majirani. Ukitembea dakika chache unaingia Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu wa kale ambao wazee wao wengi waliletwa Rasi ya Tumaini Jema na Waholanzi kama watumwa, kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Auwal, wa kwanza nchini humo, uko Dorp Street tangu 1794. Adhana ya Magharibi inasikika hadi kwenye meza za De Waterkant, na hakuna anayeinua kichwa. Sijawahi kuona ujirani wa namna hiyo kwetu, na sitarajii kuuona karibuni.

Lakini ujirani huo una damu. Imamu Muhsin Hendricks, mzaliwa wa Cape Town aliyejitangaza kuwa shoga mwaka 1996 na baadaye akaongoza msikiti mjini humo uliowapokea waliofukuzwa kwingine, alipigwa risasi na kufa karibu na Gqeberha (zamani Port Elizabeth) tarehe 15 Februari 2025. Na mwaka uleule wa 2006 bunge lilipopitisha sheria ya ndoa, mwezi Februari huko Khayelitsha, kwenye tambarare za mchanga upande wa pili wa mlima, kundi la vijana lilimuua Zoliswa Nkonyana, msichana wa miaka 19, kwa kuwa msagaji. Kesi iliahirishwa na kuahirishwa. Waliopatikana na hatia walihukumiwa 2012. Watalii wa De Waterkant hupita kando ya Langa, kitongoji cha watu weusi kama Khayelitsha, kila wanapotoka uwanja wa ndege, kwa barabara ya N2, na wengi hawajui wamepita wapi.

Hapo ndipo mgeni mweusi kutoka Nairobi, Goma au Mwanza anapaswa kufanya hesabu yake mwenyewe. Mtalii wa Kijerumani ana hofu moja tu mfukoni, ya ushoga wake, na Cape Town humwondolea. Sisi tuna mbili. Mwezi Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa nchini humo katika mashambulizi dhidi ya wageni, wengi wao Waafrika kama sisi, na jina la kuwadharau wageni hao, makwerekwere, bado linatamkwa. Ukipanda teksi ya abiria na Kiswahili chako, hatari haitokani na uliyemshika mkono. Baa za De Waterkant nazo: ingia Ijumaa usiku, hesabu nyuso nyeusi zilizo upande wa wateja, halafu hesabu zilizo upande wa kuhudumia. Hakuna aliyenikosea humo, ila kuna namna ya kukaribishwa inayokufanya ushike pochi yako kuhakikisha ipo.

Pamoja na hayo yote bado naituma jamii yangu huko, kwa sababu nimeangalia kwingine. Shelisheli walifuta kifungu chao cha kuadhibu ushoga mwaka 2016, na hawadai viza. Ni pazuri kwa wapenzi wawili wenye pesa wanaotaka pwani na kimya, ila usitafute mtaa wala baa. Mahakama ya Juu ya Mauritius ilibatilisha sheria yao ya tangu 1838 tarehe 4 Oktoba 2023, na huko kuna watu wanaoandamana bila kujificha. Msumbiji waliacha kifungu cha mkoloni katika sheria mpya ya jinai ya 2015. Rwanda haijawahi kuwa na kifungu cha kukufunga, na Mkenya au Mganda huingia kwa kitambulisho tu, lakini Kigali ni ya watu wanaojua kunyamaza. Kwa wikendi ya utulivu inatosha.

Nyumbani je? Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na pwani yetu inalitekeleza neno hilo kwa namna ya ajabu. Wazungu wawili wanaume wakifika Lamu au Zanzibar na dola zao, macho yote yanatazama baharini. Kijana wa Likoni akifanya vilevile na mwenzake, inakuwa habari ya mtaa mzima. Sheria ya Kenya inatishia hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kuifuta tarehe 24 Mei 2019. Ya Tanzania Bara huanzia miaka 30 hadi maisha. Ya Uganda ya 2023 inafika hadi kifo kwa baadhi ya makosa. Wenye hoteli wanaoniandikia kuniomba niwasifie hapa wanajua haya yote. Siwezi kumwambia mtu alale mahali ambapo ukarimu hutegemea rangi yake.

Kwa anayeenda, mambo mawili ya kurudi nayo salama. Picha usizirushe ukiwa huko wala zisikae kwenye simu unaporudi. Zihifadhi kwingine kabla hujapanda ndege. Na kwenye maandamano ya Pride, yale ya fahari ya watu wetu, jua kwamba kamera za magazeti zipo kila kona, na gazeti la Johannesburg linasomwa Nairobi siku ileile.

Maandamano yenyewe pia chagua. Ya kwanza barani yalifanyika Johannesburg tarehe 13 Oktoba 1990, wanaharakati Simon Nkoli na Bev Ditsie wakiwa mbele, na baadhi ya watu walivaa mifuko ya karatasi usoni kwa hofu. Mwaka 2012, kwenye mitaa ya kifahari ya Rosebank, wanawake weusi wa One in Nine, kampeni ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, walilala barabarani wakidai dakika moja ya kimya kwa waliouawa, na waandaaji wa sherehe wakawavamia ili magari ya muziki yapite. Ndiyo maana mimi huwapeleka watu kwenye Soweto Pride, iliyoanzishwa 2004 na shirika la Forum for the Empowerment of Women, huwa mwishoni mwa Septemba. Huko majina ya waliouawa husemwa kwa sauti, na ngoma zinapigwa pia. Kwa hiyo ukiweza kuchagua mwezi, chukua Septemba, anzia Soweto kisha shuka Cape Town. Maji ya Clifton yatakuwa ya barafu, lakini hata Januari ni ya barafu.