Stokingi ya Mke Wangu na Shavu la Barry Bonds

Kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli zilizochapishwa Marekani katika miaka ya 1980 ziliuzwa ndani ya pakiti za karatasi iliyopakwa nta, ambazo kiwandani zilifungwa kwa joto ili nta iyeyuke na kuishikanisha mikunjo. Ndani ya pakiti, pamoja na kadi, kampuni ya Topps ilitia kipande bapa cha chingamu kilichopakwa unga mweupe. Aliyebuni mpango huo alikuwa akiwafikiria watoto wenye meno imara, hakutufikiria sisi watu wazima ambao tungekuja kuzifungua pakiti hizo miongo kadhaa baadaye, kwa kuwa nta iliyoyeyuka haikukomea kwenye karatasi bali ilimrukia mchezaji yeyote ambaye kadi yake ilikaa mwisho wa foleni, na chingamu nayo ikaacha alama yake kwa jirani yake mwenyewe. Ndiyo maana mkusanyaji wa kadi akifungua pakiti ya zamani huomba kimoyomoyo kwamba mchezaji mashuhuri awe katikati, na yule aliyestaafu bila kukumbukwa na mtu ndiye awe amekalia nta.

Dua yangu haikupokewa. Pakiti yenyewe ilikuwa ya mwaka 1987, zile kadi zenye ukingo wa rangi ya mbao, na aliyepatwa na nta alikuwa Barry Bonds wa timu ya Pittsburgh Pirates, akiwa bado kijana mwembamba, miaka mingi kabla ya msimu wa 2001 alipoweka rekodi ya homurani 73, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote kwa mkupuo mmoja. Nta ilikuwa imemtanda shavuni.

Dawa ya nta sisi wakusanyaji tunaijua, nayo ni stokingi ya nailoni. Nyuzi zake ni laini kiasi cha kutoukwaruza wino, lakini hunasa nta, hivyo mtu akisugua taratibu upande wa mbele wenye kung'aa, doa hupungua na hatimaye kuondoka. Upande wa nyuma haifai kitu, maana kadibodi tupu huwa imekwisha kuinywa nta yote. Maarifa haya hupokezanwa baina ya wanaume wenye heshima zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza yeye stokingi huipata wapi.

Mimi niliipata kwenye droo ya mke wangu, usiku, naye akiwa amelala. Sikutaka kuwasha taa ya sebuleni kwa sababu mama mkwe alikuwa amekuja kutukagua, yaani kututembelea, na chumba cha wageni kinapakana na sebule. Nikakaa mezani na taa ndogo, nikavaa glavu nyeupe za pamba, nikaibana lenzi jichoni, nikaivisha stokingi kwenye vidole viwili, nikaanza kulisugua lile shavu. Kila baada ya muda nilipuliza kidogo ili kuondoa vumbi la nta. Kazi ya namna hii humfanya mtu aongee peke yake bila kujijua, nami nilikuwa nikiibembeleza ile nta kwa sauti ya chini: "Toka. Toka polepole. Usiumize, toka tu."

Mama mkwe alikuwa ameamka kutafuta maji ya kunywa.

Sijui alisimama mlangoni kwa muda gani. Ninachokijua ni kile alichokiona, kwa kuwa baadaye kilisomwa mbele ya kikao kama mashtaka: mkwe wake, usiku wa manane, amejifungia gizani na taa moja, mikono ina glavu, ameshika vazi la ndani la binti yake, analipitisha juu ya picha ya mwanamume asiyejulikana na ukoo wowote, anaipulizia na kuiamuru itoke. Nilipoinua uso, jicho langu moja likiwa limekuzwa na lenzi, aliniuliza kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele, "Mkwe wangu, huyo amekukosea nini?"

Nilimjibu kwamba hajanikosea, ila ana nta. Jibu hilo halikunisaidia.

Asubuhi mambo yalizidi, kwa sababu mke wangu alikuwa na sherehe ya kuhudhuria, akaikuta stokingi yake imefumuka mstari mrefu kutoka kisiginoni hadi gotini, na sehemu ya vidole imekakamaa kwa nta. Kufikia jioni baba mkwe na shemeji walikuwa wamekwisha kuwasili. Mama mkwe, kwa heshima yake, hakunisemesha moja kwa moja. Alimweleza shemeji, shemeji akamweleza baba, na baba akanigeukia na kuniomba nijitetee.

Nilijitetea kwa takwimu. Nikawaeleza kuhusu kadi ya Honus Wagner, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara, ambayo moja yake iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Nikaongeza kwamba mwaka huohuo kadi ya Mickey Mantle iliyochapishwa na Topps mwaka 1952 ilifikia dola milioni 12.6. Nyuso zilianza kulainika. Baba mkwe alivuta kiti karibu, na mama mkwe akaomba aone tena picha ya yule kijana.

"Na huyu?" shemeji akauliza. "Huyu anafikia milioni ngapi?"

Hapo nililazimika kueleza kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilichapisha kadi nyingi kupita kiasi, na kwa kuwa kila mtu alizitunza akitarajia utajiri, utajiri wenyewe haukuja. Shemeji hakutaka historia, alitaka bei. Nikasema kwamba thamani ya kitu haipimwi kwa fedha tu. Akarudia swali. Nikakiri kwamba Bonds huyu, pamoja na doa lake, asingeweza kuinunua ile stokingi.

Nikaona bado ninaweza kuokoka kwa kuwafafanulia kanuni ya uadimu. Nikawasimulia jinsi Sy Berger wa Topps, kwa maelezo yake mwenyewe, alivyochukua makasha ya kadi za 1952 zilizokosa wanunuzi, akayapakia kwenye tishari mwaka 1960 na kuyamwaga baharini, nje ya pwani ya New Jersey, jambo lililochangia kadi zilizobaki kuwa adimu. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumbe huko nako kuna wazee wa kushauri vijana," akasema.

Hukumu ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Niliruhusiwa kuendelea na kadi zangu, mradi taa kubwa iwe inawaka, nisinong'one, na stokingi ninunue zangu mwenyewe. Shavu lilikuwa bado halijamalizika, hivyo kesho yake nikaenda dukani. Muuzaji, binti mpole, aliniuliza saizi ya mvaaji na rangi anayoipenda. Nilimwambia kwamba rangi yoyote itafaa, kwa kuwa hazivaliwi, nitaingiza vidole viwili tu, tena usiku. Aliomba radhi, akaenda kumwita meneja.