Sikuleta bomu ya atomiki Dunga, naomba mniskize

Sawa, wale mshaiona ile video chekeni mkimaliza mrudi hapa. Kuna jamaa yangu, tumesoma naye, tumekula naye nyoyo sahani moja, ameona vyema kuzungusha kwa magrupu ati "injinia wetu alibeba bomu ya atomiki akapeleka Dunga, wamama wakatoroka wakaacha samaki." Dunga ni ufuo wa samaki hapa Kisumu, na hakuna mtu alitoroka. Wamama wawili walirudi nyuma hatua tatu hivi, na mmoja wao nina uhakika alikuwa anakwepa moshi. Wacha niwaambie mwenyewe vile ilienda, ingawa ni jana tu na uso bado unaniwaka.

Mnakumbuka ile mizani ya samaki nimewasumbua nayo hapa. Raspberry Pi Zero, ile kompyuta ndogo ya kori moja (yaani inafanya kazi moja kwa wakati), imeunganishwa na chipu ya HX711 ambayo ndiyo inasoma uzito. Hii chipu ikishakuwa na namba mpya inashusha pini moja chini, kama mara 10 kwa sekunde, na hiyo pini ikishuka ndiyo intarapti yenyewe, prosesa inaacha chochote ilikuwa inafanya, inakimbilia handla yangu (kale kakodi ka kuishughulikia), handla inasoma biti zake 24, inarudi. Mtu mwenye akili angeangalia kwanza kama kuna draiva tayari, ile programu inayoongea na kifaa. Mimi nilitaka kuandika yangu, ndani ya keneli, kiini cha Linux, ndio siku moja niseme kwa meza ya watu "aah ile draiva, niliandika mwenyewe."

Na niliipanga hivi. Programu yangu inafungua mizani, inampa draiva anwani ya mahali kwenye memori yake ambapo uzito unafaa kuwekwa, draiva anaikariri, halafu kila intarapti ikipiga handla anaita copy_to_user, ile kazi ya keneli ya kunakili data kwenda memori ya programu, na kutupa namba pale. Programu nayo inazunguka tu bila kupumzika, inaangalia kama namba imebadilika.

(Naona wale wa keneli mshashika kichwa. Nyamazeni kwanza, wengine hawajafika.)

Hapa nyumbani Nyalenda ilifanya kazi wiki tatu. Wiki tatu bana! Nimepima unga, nimepima laptop, nimepima paka wa jirani mpaka jirani akaanza kuniuliza maswali. Namba zinakuja safi. Ka-Pi kalikuwa kanachemka kama jiko la makaa kwa sababu ya huko kuzunguka lakini nikasema hiyo ni nguvu ya kazi.

Sasa hawa wamama shida yao ni broka. Broka anakuja na mizani yake, samaki ambaye wewe umembeba ukahisi mgongo unakatika, kwake anasoma kilo sita. Kwa hivyo mimi nikaahidi mizani ya haki, skrini kubwa imeangalia kila mtu, muuzaji na mnunuzi wanaona namba moja. Nilitumia hilo neno, haki. Nilisema mara nyingi. Mwenyekiti wao akaniambia vizuri kijana wangu, lakini weka mbili, moja kubwa ya mbuta na nyingine ndogo ya omena, maana omena hapa tunapima na gorogoro na watu wanagombana kila siku juu ya gorogoro iliyobonyezwa chini.

Mizani ya pili ilifika na matatu ya kutoka Nairobi Ijumaa usiku. Nikaiunganisha saa tano, nikafungua programu ileile mara mbili, moja ya mizani kubwa na moja ya ndogo, skrini ikaonyesha 0.0 na 0.0, nikalala kama mtoto. Mizani zote mbili zilikuwa tupu! Sifuri ya huku na sifuri ya kule ni sifuri tu, ungejuaje?

Jumamosi asubuhi, Dunga. Skrini nimeiweka juu ya meza ya kukatia samaki, waya wa stima umetoka kwa kibanda cha kuchaji simu. Watu wamejaa. Broka pia yuko, amesimama nyuma na mikono kifuani, na yule jamaa yangu yuko mbele na simu juu, alisema anarekodi "kwa ajili ya historia."

Mbuta wa kwanza anawekwa. Mkubwa, mkia unaning'inia nje. Skrini inasema 11.4. Watu wanapiga makofi. Kwa kweli nilihisi kitu kwa koo.

Halafu mathe mmoja analeta omena. Kasahani tu, wale wa kushikia mkono mmoja. Anaweka kwa mizani ndogo, pole pole, kwa heshima kabisa kama mtu anaweka sadaka. Skrini inasema 0.9. Nashusha pumzi. Inasema 11.4. Inasema 0.9. Inasema 11.4, inakaa hapo kidogo kama inafikiria, 0.9, 11.4. Na upande wa pili mbuta, ambaye hajasogea, ambaye ni maiti, anasoma 0.9.

Kimya. Hiyo kimya mmeiskia kwa video, hata ndege wa ziwa walinyamaza.

Mathe akaangalia omena wake. Akaangalia skrini. Akaniangalia mimi. Akasema polepole, "Yawa. Nyathina, hii omena yangu imekula nini?"

Na broka, yule broka, kutoka nyuma: "Mimi nanunua huyo mbuta! Kilo ni 0.9, si mizani ni ya haki?"

Mngecheka hamngecheka? Mimi nilicheka pia, ile kicheko ya mtu anaanguka kwa ngazi. Nikasema ni jambo dogo, nikachomoa laptop, nikaingia kwa ka-Pi na ssh, kupitia mtandao, mbele ya watu wote. Nikaiambia draiva ichapishe ile anwani ambayo kila programu ilimpa. Ya mbuta: 0x2104c. Ya omena: 0x2104c.

Zinafanana! Hapo ndipo jasho la ukweli lilianza. Niliikompaili bila PIE (ile inayoruhusu programu kupakiwa anwani tofauti kila mara) kwa sababu nilinakili faili ya zamani, kwa hivyo programu ileile ukiifungua mara mbili kila kopi inaweka uzito kwa anwani ileile. Na hiyo si kosa! Anwani ya programu ni kama namba ya nyumba. Manyatta kuna nyumba namba 5, Milimani kuna nyumba namba 5, na hakuna mtu amewahi kupotea kwa sababu unamwambia boda mtaa kwanza. Handla wangu hana mtaa. Intarapti haiji kwa niaba ya programu yoyote, inapiga tu, inakuta programu fulani ndiyo iko kwa prosesa wakati huo, na copy_to_user inatumia memori ya hiyo iliyoikuta. Ni boda umemwambia "peleka nyumba namba 5" na yeye anapeleka namba 5 ya mtaa wowote aliojikuta. Wiki tatu nyumbani alikuwa anapatia kwa sababu nilikuwa na mtaa mmoja tu, programu moja inazunguka kwa kori moja, ukimkatiza mtu ni yeye tu utamkuta. Sasa zilikuwa mbili, zinagawana prosesa nusu kwa nusu, na uzito wa mbuta nusu ya wakati unaangukia nyumba ya omena.

Na kabla mtu aniandikie "si ungeandika moja kwa moja kwenye pointa", yaani kwenye anwani yenyewe bila copy_to_user, hiyo ni mbaya zaidi, boda ni yuleyule na hata kofia hana. copy_to_user angalau inakagua kama anwani iko upande wa watumiaji, na ikigonga ukuta inakurudishia idadi ya baiti ambazo hazikufika. Mimi hiyo idadi sikuwahi kuiangalia hata siku moja.

Sasa hayo yote nimewaeleza kwa utulivu. Pale ziwani sikuyaelewa hivyo. Pale niliona neno moja tu: hazikufika. Nikajiambia aah, namba zingine hazifiki, ndio maana skrini inaruka. Na mbele ya watu arobaini, na vidole vinatetemeka, nikaongeza mstari mmoja kwenye handla: kama copy_to_user imebakisha baiti, lala milisekunde tano kwa msleep halafu ujaribu tena.

Lala. Ndani ya handla ya intarapti.

Kwa wale hawajui: intarapti haina kitanda. Imekuja kwa wakati wa mtu mwingine, ikilala hakuna pahali keneli itaiandika irudi kuamshwa vizuri, na kila mtu aliyekuwa nyuma yake anasubiri. Ni kusimamisha boda katikati ya barabara pale Kondele, unazima injini, unalala juu ya tenki. Keneli inajua hii kiasi kwamba ukurasa (kipande cha memori) ukikosekana wakati uko kwa intarapti, haijaribu hata kuungoja, inakukatalia tu na kukurudishia baiti zako. Ilikuwa inanilinda wiki tatu. Mimi nikaizunguka.

Nikapakia draiva mpya. Nikafungua programu zote mbili. Skrini ikaonyesha 11.4 na 0.9, kila moja mahali pake, na kwa sekunde moja, naapa, watu walianza kupiga makofi tena. Nikabonyeza enta kwa laptop. Enta ikaamsha sshd, programu ya ka-Pi inayopokea ssh, sshd ikaingia kwa prosesa, intarapti ikapiga ikaikuta, kwa sshd nyumba namba 5 ikawa hakuna, copy_to_user ikakataa, handla ikalala.

Skrini yote ikawa nyeusi na maandishi meupe yakaanza kumwagika, na mstari wa juu ulikuwa BUG: scheduling while atomic. Kwa lugha ya keneli, umelala mahali hakuna kulala.

Kuna kijana wa sekondari mbele alikuwa anasoma kila kitu kwa sauti tangu asubuhi. Akasoma hilo pia. Alisoma vizuri sana, kila silabi. "...while a-to-mik."

Mtu nyuma: "Atomiki? Si hiyo ni ya bomu?"

Broka: "Ameleta bomu!"

Hapo ndipo zile hatua tatu zilipotokea. Mathe wa omena hakurudi nyuma, mumpe heshima yake, alinyoosha mkono akachukua kasahani kake kwanza halafu ndio akaniuliza kama hii kitu inalipuka ama inazima tu. Nilimwambia inazima tu mathe. Ka-Pi kalikuwa kameganda kabisa, kibodi haisikii, nikachomoa waya. Ikazima. Akasema haya basi. Akaenda kutafuta gorogoro.

Mengine ni ya haraka. Usiku nimeandika upya: handla sasa inasoma chipu, inaweka namba kwenye bafa (kahifadhi kadogo) ya keneli yenyewe chini ya spinlock (kufuli ya kuzuia wawili wasiiguse kwa wakati mmoja), inaamsha anayengoja, inatoka. Programu ikitaka uzito inaita read, na hapo ndani ya read ndipo copy_to_user inafanyika, kwa sababu hapo iko kwa mtaa wake na hata ukurasa ukikosekana inaweza kulala ungojwe. Programu haizunguki tena, inalala mpaka iamshwe, ka-Pi kamepoa unaweza kukashika. Nimeweka mbuta huku na omena kule, masaa manne, hakuna aliyebadilisha uzito na mwenzake.

Halafu saa tisa usiku nikagundua kwamba draiva ya HX711 iko ndani ya Linux. Imekaa tu hapo, kwenye folda ya iio, inaitwa hx711.c. Msiniambie kitu.

Mwenyekiti amepiga leo asubuhi. Amesema nirudi Jumamosi ijayo, lakini yule kijana wa kusoma hataruhusiwa karibu, na skrini ikibadilika rangi niwe nimeifunika na leso kabla mtu aone. Boda wa stejini kwetu wameanza kuniita Atomiki. Na wewe mwenye video, najua unasoma hii, omera, futa.